Somo la Tano: Mtoto Mwenye Mzio katika Nyumba yenye Paka

Katika vijiji vingi vya Newala na Masasi, paka hufugwa kwa kazi. Mahindi, mtama, karanga na korosho vinavyohifadhiwa ndani ya nyumba au katika kihenge cha uani vina adui mmoja asiyelala, naye ni panya. Wahenga hawakukosea waliposema: paka akiondoka, panya hutawala. Kwa sababu hiyo, mtoto mdogo anapoanza kupiga chafya kila alfajiri, kujikuna macho na kukohoa usiku, na jirani akasema kwamba chanzo ni paka, familia hujikuta katika njia panda. Ikimwondoa paka, chakula cha mwaka kimo hatarini. Ikimbakiza, huenda mtoto akaendelea kuteseka. Wapo wanaotafuta njia ya tatu: kwenda dukani kununua chupa ya dawa ya maji, na kuirudia kila inapokwisha.

Somo hili limeandaliwa ili kumsaidia mzazi au mlezi kufanya uamuzi huo kwa ujuzi. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza:

(a) kutofautisha mzio na mafua ya kawaida;
(b) kuchunguza kama kweli paka ndiye chanzo;
(c) kupunguza vichochezi vya mzio nyumbani, hata pale maji yanapokuwa haba;
(d) kununua na kutumia dawa za mzio kwa usalama;
(e) kutambua dalili zinazodai mtoto apelekwe kituo cha afya bila kukawia.

1. Mzio ni nini?

Mzio, au aleji kama wengi wetu tunavyouita, hutokea pale kinga ya mwili inapokichukulia kitu kisicho na madhara kuwa ni adui, ikapambana nacho. Katika mapambano hayo mwili humwaga kemikali, mojawapo ikiitwa histamini. Hiyo ndiyo inayoleta kuwasha, kuvimba, chafya na kamasi jepesi kama maji.

Mafua ya kawaida huletwa na virusi. Mara nyingi huambatana na homa, na hupungua ndani ya wiki moja au siku kumi. Mzio hauna homa. Hurudi kila mtoto anapokutana na kichochezi, na alama yake kubwa ni kuwasha: macho, pua, koo au ngozi. Mtoto ambaye ana «mafua yasiyokwisha» kwa miezi miwili anastahili kuchunguzwa.

Kuhusu paka, ipo imani iliyoenea kwamba unyoya wake ukimezwa au ukiingia kooni huleta pumu. Ukweli uko karibu na imani hiyo, lakini si huo. Kinachosababisha mzio ni protini iliyomo katika mate na katika mafuta ya ngozi ya paka. Paka anapojilamba huipaka mwilini mwake. Ikikauka hubanduka pamoja na magamba madogo ya ngozi, ikaelea hewani na kutua juu ya mikeka, magodoro, nguo na kuta. Kwa hiyo kumnyoa paka hakusaidii, wala hakuna aina ya paka isiyokuwa na protini hiyo kabisa. Vilevile, mtoto hapati mzio kwa kuwa tu nyumba ina paka. Watoto wengi hulala na paka miaka yote wasidhurike. Anayedhurika ni yule ambaye mwili wake una mwelekeo huo, mara nyingi akiwa na mzazi au ndugu mwenye pumu, mzio au ukurutu wa ngozi.

2. Je, paka ndiye mkosaji?

Kabla ya kumhukumu paka, tuwatazame washukiwa wengine walio katika mazingira yetu.

Moshi. Jiko la kuni lililo ndani ya nyumba huwasha macho na kubana kifua cha mtoto, awe na mzio au asiwe nao.

Salfa. Kati ya Juni na Septemba, mikorosho inapochanua, wakulima hupuliza salfa kukinga ubwiri unga. Vumbi lake huwasha macho, koo na njia ya hewa, na linaweza kuamsha pumu. Mifuko ya salfa iliyohifadhiwa chumbani, au nguo za kazi zinazoning'inizwa juu ya kitanda, huendeleza madhara hayo hata baada ya shughuli ya shambani kumalizika.

Korosho. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi na kuifanya itoke malengelenge, na moshi wa kuchoma korosho kwa ajili ya kubangua ni mkali. Lakini pia lipo jambo zito zaidi: baadhi ya watoto wana mzio wa chakula, na korosho au karanga kidogo tu huweza kuwavimbisha midomo na kuwabana pumzi ndani ya dakika chache.

Utitiri wa vumbi, mende, ukungu na panya. Utitiri ni wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanaoishi ndani ya magodoro na mito. Mende na panya nao huacha taka zinazochochea mzio na pumu. Hapa msomaji ataona ugumu wa jambo lenyewe: nyumba iliyomfukuza paka na kukaribisha panya huenda ikawa imebadilisha kichochezi kimoja kwa kingine.

Tunashauri mzazi atumie daftari la kawaida. Kwa wiki mbili aandike kila siku: dalili zilianza saa ngapi, mtoto alikuwa wapi, alikula nini, alicheza na nini, na siku hiyo kulikuwa na shughuli gani. Dalili zinazozuka dakika chache baada ya mtoto kumkumbatia paka, au vipele vinavyotokea pale alipolambwa, zinamwelekea paka. Dalili zinazoongezeka jikoni zinauelekea moshi. Zinazoanza Juni na kutoweka Oktoba zinaielekea salfa. Zinazotulia mtoto anapolala kwa bibi yake siku kadhaa zinaonesha kwamba chanzo kimo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Daftari hilo likifikishwa kwa tabibu humsaidia kuliko maelezo ya kukumbuka.

Tunatahadharisha kuhusu watu wanaopita minadani na mashine za «kupima mwili mzima» wakidai kwamba kwa kushika kifaa au kutoa unywele mmoja mtoto ataorodheshewa mizio yake yote. Vipimo vya mzio vinavyokubalika kitaalamu ni vya ngozi au vya damu, na majibu yake husomwa na daktari pamoja na historia ya mgonjwa.

3. Kuipanga nyumba

Ikiwa uchunguzi unamwelekea paka na hali ya mtoto si kali, familia inaweza kuanza kwa kuwatenganisha bila kumfukuza. Hatua zifuatazo hazihitaji fedha nyingi. Tunafahamu pia kwamba katika uwanda wa Makonde maji ni kitu cha kuhesabiwa kwa ndoo, hivyo tumeziweka kwa kuzingatia hilo.

Kwanza, chumba anacholala mtoto kiwe mwiko kwa paka, mchana na usiku. Mtoto hupitisha chumbani saa nyingi kuliko mahali pengine popote, na hii ndiyo hatua yenye faida kubwa. Paka apewe gunia lake karibu na ghala, mahali pa kazi yake.

Pili, alishwe nje, na anayemshika anawe mikono kabla ya kumbeba mtoto. Mtoto mwenyewe anawishwe uso na mikono kabla ya kulala. Kikombe kimoja cha maji na sabuni kidogo vinatosha.

Tatu, kufagia kwa ufagio mkavu hurusha vumbi hewani. Nyunyiza maji kidogo sakafuni kwanza, au futa kwa kitambaa chenye unyevu. Mtoto awe nje wakati huo na kwa muda baada ya hapo.

Nne, ikiwa maji hayatoshi kufua matandiko yote kila wiki, kipaumbele kiwe foronya na shuka la mtoto. Godoro, mto na mkeka vianikwe juani na kukung'utwa mbali naye. Chandarua chenye dawa kisianikwe juani, kwa kuwa jua hupunguza nguvu ya dawa, kikaushwe kivulini. Chandarua kisiondolewe kwa hofu ya vumbi, maana malaria bado ni hatari.

Tano, nafaka ihifadhiwe katika mapipa yenye mfuniko, vihenge vya chuma au mifuko ya kinga njaa iliyoinuliwa juu ya mbao na kutengwa na ukuta. Panya akikosa chakula, hata paka hatakuwa na sababu ya kuingia ndani.

Ikiwa baada ya hatua hizo hali haibadiliki, au mtoto ana pumu inayochochewa na paka, ni busara kumpatia paka makao mengine. Familia ijue mapema kwamba nafuu haiji siku ya pili: mabaki ya protini hukaa katika magodoro na kuta kwa wiki nyingi, pengine miezi kadhaa, na hupungua kwa usafi. Pengo la paka lisizibwe kwa sumu ya panya isiyo na lebo inayouzwa barabarani, wala sumu yoyote isihifadhiwe katika chupa ya soda. Mtego ni salama zaidi kwa nyumba yenye mtoto.

4. Mbele ya kaunta ya dawa

Dawa za kuzuia mzio hutuliza dalili tu; haziondoi mzio wenyewe, wala hazichukui nafasi ya hatua tulizozieleza. Mnunuzi azingatie yafuatayo.

Umri na uzito. Taja umri wa mtoto na uzito wake. Kadi ya kliniki inao. Dawa ambayo lebo yake imeandikwa promethazine haipaswi kupewa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa kuwa inaweza kudhoofisha upumuaji wake. Chlorpheniramine huleta usingizi, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe bila agizo la daktari. Dawa hizi zisitumiwe kamwe kama njia ya kumlaza mtoto msumbufu.

Kipimo. Vijiko vya nyumbani havilingani. Tumia kikombe au bomba la kupimia lililokuja na dawa. Usimpe mtoto dawa ya mafua na dawa ya mzio kwa pamoja kabla ya kusoma lebo zote mbili, kwani mara nyingi kiambato ni kilekile na mtoto hupata dozi maradufu.

Steroidi. Vidonge vya prednisolone na dexamethasone hutuliza mzio upesi, na hapo ndipo mtego ulipo. Vikitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi hudumaza ukuaji, hupunguza kinga na huvimbisha uso. Hizi ni dawa za cheti cha daktari. Aliyekwisha kuzitumia kwa muda mrefu asiziache ghafla, amwone daktari. Krimu kali za steroidi nazo huchubua na kukonda ngozi ya mtoto.

Dawa ya kuvuta. Wazazi wengi huiogopa wakidhani kwamba mtoto akianza kuivuta hataiacha. Kwa mtoto mwenye pumu, dawa ya kuvuta hufika moja kwa moja kwenye njia ya hewa kwa kiasi kidogo, na madhara yake ni madogo kuliko ya vidonge au dawa ya maji. Mtoto mdogo huivuta kupitia chombo maalumu. Kisipopatikana, mhudumu wa afya anaweza kuonesha namna ya kukitengeneza kwa chupa ya plastiki.

Mahali pa kununua na risiti. Nunua katika famasi au Duka la Dawa Muhimu lililosajiliwa. Kagua tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo, na udai risiti. Umuhimu wake ulionekana Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani lilipotoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji zilizopatikana Gambia, mojawapo ikiwa ya promethazine, ambazo zilikuwa na kemikali za sumu na zikahusishwa na vifo vya makumi ya watoto. Aprili 2024, baada ya mamlaka ya Nigeria kutangaza matokeo ya uchunguzi wake, nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo, ziliagiza matoleo ya dawa moja ya maji ya watoto yaondolewe sokoni. Agizo la namna hiyo hutaja namba ya toleo. Mzazi aliyeitupa boksi na asiyekuwa na risiti hana namna ya kujua kama chupa iliyo nyumbani mwake imo.

5. Dalili za hatari

Mpeleke mtoto kituo cha afya mara moja, iwe usiku au mchana, ukiona mojawapo ya dalili hizi:

• Kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au anatoa sauti ya filimbi na hawezi kunyonya, kula au kuzungumza.
• Anapumua kwa kasi: mara 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, mara 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, akiwa ametulia.
• Midomo au ulimi umevimba au kuwa wa rangi ya samawati.
• Vipele vimeenea mwilini pamoja na kutapika, kulegea au kupumua kwa shida.

Dalili ya mwisho ni ya mzio mkali, ambao tiba yake ni sindano ya adrenalini. Dawa ya maji haiwezi kumwokoa mtoto wa namna hiyo, na kila dakika inayotumika kuitafuta dukani ni hasara.

6. Wapi pa kutoa taarifa

Madhara yatokanayo na dawa, au dawa unayoitilia shaka, yataarifiwe kituo cha afya au Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kusini mjini Mtwara. Malalamiko kuhusu vyakula vilivyofungashwa, kwa mfano pakiti isiyotaja kuwa ina karanga au korosho, hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania, ambalo lilikabidhiwa jukumu la usalama wa chakula mwaka 2019. Mwenendo wa famasi na Maduka ya Dawa Muhimu husimamiwa na Baraza la Famasi. Unapotoa taarifa, fika na chupa, boksi na risiti.

Maswali ya kujipima

1. Taja tofauti mbili kati ya mzio na mafua ya kawaida.
2. Mtoto wa jirani hukohoa kuanzia Juni hadi Septemba tu, na paka wao yupo mwaka mzima. Ungemshauri nini mama yake?
3. Kwa nini familia iliyomwondoa paka wiki iliyopita haipaswi kukata tamaa?
4. Chukua chupa ya dawa ya mtoto iliyomo nyumbani mwako sasa hivi. Soma kiambato, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Je, vyote vitatu vinasomeka?