Kuogelea Kingalingali

Ninyi mkaao karibu na ziwa au bahari mmekwisha kuona watu wakiogelea. Aogeleaye kifudifudi huweza kuinua kichwa akatazama mbele. Lakini iko namna nyingine: mtu hulala chali juu ya maji, akirudisha mikono nyuma kwa zamu na kupiga maji kwa miguu. Huyu haoni aendako. Kichwa chake ndicho kitanguliacho, na mwisho wa birika uko ukuta.

Basi afanyeje asijigonge? Mita 5 kabla ya ukuta hutungikwa juu ya maji kamba yenye bendera ndogo ndogo. Mwogeleaji aionapo kamba ile huanza kuhesabu mapigo ya mikono yake, na kila mmoja huijua hesabu yake mwenyewe. Akikosea kwa pigo moja tu, huenda akaumia, au akageuka mapema na kuachwa nyuma. Hata mwanzo wake ni mbali na wa wengine. Wenzake hujitupa majini kutoka juu, bali yeye huanza akiwa majini, ameshika vishikio, amekipa kisogo kule aendako.

Mmoja aliyesifiwa sana kwa kuogelea hivi ni mwanamke wa Afrika, Kirsty Coventry. Alizaliwa Harare mwaka 1983, katika nchi ya Zimbabwe, isiyo na pwani. Mwaka 2000 alikwenda Sydney kwa Michezo ya Olimpiki, naye angali msichana, akafika mchujo wa pili, asipate nishani. Kisha akaenda Marekani kusoma katika Chuo Kikuu cha Auburn, akazidi kujizoeza. Hata mwaka 2004, huko Athens, akapata nishani 3, na ile ya mita 200 kingalingali ilikuwa ya dhahabu. Zimbabwe haikuwa imepata nishani ya Olimpiki tangu mwaka 1980, wanawake wake waliposhinda kwa mpira wa magongo.

Miaka minne baadaye michezo ilikuwa Beijing. Tarehe 10 Agosti 2008 Coventry alishindana katika mita 400 za mitindo yote minne, akawa wa pili nyuma ya Stephanie Rice wa Australia. Kesho yake, katika mchujo wa pili wa mita 100 kingalingali, alitumia sekunde 58.77. Hakuna mwanamke aliyepata kwenda upesi vile kabla yake. Lakini katika shindano la mwisho, tarehe 12, Natalie Coughlin wa Marekani aligusa ukuta kwa sekunde 58.96, na Coventry kwa 59.19. Zitazameni hesabu hizo vema: angaliogelea kama jana yake, dhahabu ingalikuwa yake. Tarehe 13 akawa wa pili tena, akipitwa na Rice yule yule kwa sehemu 14 za mia za sekunde. Kope za jicho hazijafunga na kufumbuka, muda huo umekwisha pita.

Siku tatu, fedha tatu. Likabaki shindano moja, mita 200 kingalingali, ambalo alilishinda Athens. Hapo alikuwapo Margaret Hoelzer wa Marekani, mwenye rekodi ya dunia, ambayo mwezi uliotangulia alikuwa ameitwaa kwa Coventry mwenyewe. Tarehe 16 wakaingia majini. Coventry akafika kwa dakika 2 na sekunde 5.24, Hoelzer nyuma yake. Dhahabu ikawa yake, na rekodi ikamrudia.

Aliogelea tena London mwaka 2012 na Rio de Janeiro mwaka 2016, akiwa wa 6 katika mita 200 mara zote mbili; kisha akaacha mashindano, ana nishani 7. Mwezi wa Machi 2025 alichaguliwa kuwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kushika kazi hiyo. Mkutano uliomchagua ulikuwa Ugiriki, nchi ile ile alikopata dhahabu yake ya kwanza.