Baridi ya Boston na Ukavu wa Sala: Kijana, Usijitoe Mbioni



Vijana wapendwa, kuna swali ambalo vijana wengi wananiuliza, wengine kwa ujumbe wa simu usiku wa manane, wengine baada ya Misa wakiwa wamenivuta pembeni: "Frateri, siku hizi nikisali sihisi kitu kabisa. Naona kama najifanya tu. Si bora niache?"

Swali hili si dogo. Wapo walioacha kweli. Waliacha sala, baadaye jumuiya, baadaye Misa, na leo ukiwauliza walianzia wapi watakwambia hawakuwa na ugomvi na Mungu wala na padri. Ilikuwa baridi tu moyoni, basi.

Leo tujifunze kuhusu baridi hiyo kupitia mbio moja ya barabarani.

Siku yenyewe ilivyokuwa

Mbio za Marathoni za Boston, Marekani, hufanyika kila mwaka Jumatatu ya tatu ya mwezi Aprili. Wakimbiaji huanzia mji mdogo wa Hopkinton na kumalizia katikati ya Boston, kilomita 42.195. Aprili kule ni majira ya kuchipua, lakini tarehe 16 Aprili 2018 baridi ilikuwa kama bado haijaaga: nyuzi joto chache tu juu ya sifuri, mvua kubwa, na upepo mkali unaowapiga wakimbiaji usoni. Wewe uliyesoma Njombe au Makete unaijua baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Sasa ongeza mvua ya kukulowesha hadi mifupani, halafu ukimbie zaidi ya saa mbili.

Wanariadha kadhaa wenye majina makubwa walijitoa njiani. Upande wa wanaume, Geoffrey Kirui wa Kenya, bingwa wa mwaka 2017, aliongoza kwa muda mrefu, lakini kilomita za mwisho akapitwa na Yuki Kawauchi wa Japani, aliyeshinda kwa saa 2:15:58. Kirui hakukaa chini. Alimaliza wa pili. Upande wa wanawake alishinda Desiree Linden kwa saa 2:39:54, Mmarekani wa kwanza kushinda upande huo tangu 1985. Wa pili alikuwa Sarah Sellers, muuguzi wa kitengo cha usingizi hospitalini, ambaye mazoezi yake aliyafanya kabla au baada ya saa za kazi.

Angalia hizo saa. Kwa mashindano makubwa kama yale ni za taratibu sana. Kwa wanaume hakukuwa na ushindi wa taratibu hivyo Boston tangu 1976, na kwa wanawake tangu 1978. Siku ile hakuna aliyependeza akikimbia. Aliyeendelea ndiye aliyefika.

Mt. Thomas anasemaje

Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika *Summa Theologiae* (sehemu ya II-II, swali la 123, kifungu cha 6), anauliza: tendo kuu la fadhila ya ujasiri ni lipi, kushambulia au kustahimili? Wengi tungejibu haraka kwamba jasiri ni yule anayeshambulia. Thomas anajibu kwamba ni kustahimili, na anatoa sababu tatu. Kwanza, anayestahimili anashambuliwa na kitu kinachoonekana kumzidi nguvu. Pili, hatari kwake imeshafika, wakati anayeshambulia bado anaiona mbele. Tatu, kustahimili kunachukua muda mrefu, ila kushambulia kunaweza kuwa kwa mara moja tu.

Hebu pima sababu hizo kwa mkimbiaji wa Boston. Upepo unamzidi nguvu. Baridi imeshaingia mwilini. Na barabara bado ni ndefu. Kutoka mbio pale mwanzoni kila mtu anaweza, maana watu wanashangilia na damu inachemka. Kilomita ya 30, mikono imekufa ganzi, ndipo ujasiri wenyewe unapoanza.

Sala nayo iko hivyohivyo. Baada ya semina ya vijana au hija, kusali ni raha. Jumanne usiku, umetoka kazini umechoka, umeme umekatika, moyo mkavu: hapo ndipo uvumilivu wako unapopimwa.

Je, kusali bila kuhisi ni unafiki?

Hapa tutumie akili kidogo. Mt. Thomas, akimfuata Aristotle, anafundisha kwamba kupenda ni kumtakia mwingine mema. Yaani upendo unakaa kwenye utashi, na hisia zinaweza kuja au zisije. Mama anayeamka saa tisa usiku kumshika mtoto mwenye homa hasikii utamu wowote. Anasikia usingizi. Nani atathubutu kusema mama huyo anajifanya?

Mnafiki anaonyesha nje kitu ambacho ndani hakitaki. Wewe unayepiga magoti ukiwa mkavu unamtaka Mungu, hata kama humhisi. Kule kurudi kwako magotini ndiko kumtaka kwenyewe. Mt. Teresa wa Kolkata aliishi na giza la namna hii kwa miaka mingi, na maskini wakaendelea kuhudumiwa.

Masomo manne ya kubeba

*1. Usiamue kujitoa ukiwa katikati ya baridi.* Mt. Ignasi wa Loyola, katika Mazoezi yake ya Kiroho, anatoa kanuni: wakati wa ukavu usibadilishe uamuzi mwema uliofanya ulipokuwa na amani. Tena anashauri tuongeze kidogo sala na kujichunguza badala ya kupunguza. Kama uliahidi dakika kumi, siku ya ukavu sali kumi na moja. Uamuzi wa kuacha wito, uchumba au masomo usiufanye usiku ambao kila kitu ni kizito. Ngoja kuche.

*2. Zoea baridi mapema.* Yule Kawauchi alikuwa mfanyakazi wa ofisi katika shule ya sekondari ya serikali, na mbio alizifanya nje ya saa za kazi. Tarehe 1 Januari 2018, katikati ya majira ya baridi, alikimbia marathoni huko Marshfield, jimbo hilohilo la Massachusetts, penye takriban nyuzi joto 17 chini ya sifuri, na akamaliza kwa saa 2:18:59. Miezi mitatu na nusu baadaye mvua ya Boston haikumkuta mgeni. Mtume Paulo anaandika juu ya mwanariadha anayejinyima kwa ajili ya taji linaloharibika, na anatuambia sisi tunalitafuta lisiloharibika (1 Kor 9:24-27). Kufunga kwako Ijumaa na kuamka kwako alfajiri kusali ndiyo Marshfield yako.

*3. Ukiona huwezi, mtumikie mwenzako.* Sasa sikia hii. Mapema katika mbio zile Desiree Linden alijiona hali yake ni mbaya, akamwambia mshindani wake Shalane Flanagan kwamba huenda atajitoa, na kama anahitaji msaada wowote amwambie. Flanagan alipolazimika kwenda msalani, Linden alipunguza mwendo akamsubiri, kisha wakarudi pamoja kwenye kundi. Baadaye akamsaidia pia Molly Huddle kuwakaribia wa mbele. Akiwa anavuta wenzake hivyo, akajikuta yuko karibu na wanaoongoza, na wazo la kujitoa likakosa nafasi. Paulo anatuagiza tuchukuliane mizigo (Gal 6:2). Ukiwa mkavu, nenda kamwone mgonjwa wa jumuiya yenu. Mfundishe mdogo wako Rozari. Mara nyingi moto wa mwenzako unakupasha na wewe.

*4. Vaa vizuri, na jua hatari.* Baridi haina urafiki na ubishi. Nguo zilizolowa na upepo hupora joto la mwili haraka sana. Mwili huipunguzia mikono na miguu damu ili kuulinda moyo na viungo vya ndani, na joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 maisha yako hatarini. Kwa hiyo mkimbiaji huvaa tabaka kadhaa, glavu na kofia, na akimaliza hubadili nguo zilizolowa haraka. Anayetetemeka ovyo na kuanza kuchanganya maneno lazima asimamishwe na kupelekwa kwa madaktari. Huko ni kuwa na busara, na busara nayo ni fadhila.

Vivyo hivyo na wewe. Tabaka zako ni Ekaristi, Kitubio, jumuiya yako na rafiki anayekuambia ukweli. Na kama huzuni imekaa wiki baada ya wiki, hulali, huli, au unawaza kujidhuru, usisingizie ukavu wa sala na kunyamaza. Mwambie mzazi au padri, na mwone daktari leo. Kumwendea daktari si upungufu wa imani.

Ya kutafakari

1. Ni uamuzi gani mwema ninaotaka kuuacha kwa sababu tu sihisi kitu?
2. Ni nani karibu yangu anatetemeka kuliko mimi?
3. Ni tabaka gani nimeivua: Kitubio, Misa, jumuiya?

Tusali

Bwana Yesu, wewe uliustahimili Msalaba kwa ajili yetu. Tunapokuwa wakavu, tushike mkono tusijitoe. Tupe macho ya kumwona mwenzetu aliyechoka, na nguvu ya kumsubiri. Amina.

Kijana, usiku wa leo kabla ya kulala sali Baba Yetu moja tu, taratibu, hata kama huhisi chochote. Kesho rudia.

Frateri wenu katika Kristo.