Somo la Mwezi: Uwanja wa Wote ni wa Nani?



Somo la mwezi huu linahusu viwanja vya wazi vya mji wetu: bustani za kupumzikia, uwanja wa mpira wa mtaa, njia za miguu, na vile vipande ambavyo waliopima mji waliviacha kwa ajili ya shule, soko au zahanati. Tumevizoea hata hatuvioni tena. Siku ua la mabati linapoinuka ndipo tunaposimama njiani na kuulizana, "Kwani pale palikuwa pa nani?"

Shamba la mtu lina mwenyewe. Ukisogeza mpaka wake hatua moja tu, atakuja kwako kabla ya chai ya asubuhi. Lakini uwanja wa wote hauna mtu wa kuamka mapema kwa ajili yake. Jambo hili ninalijua kwa aibu. Katika miaka ya tisini palikuwa na uwanja nyuma ya soko la mtaa tuliokuwa tukiishi, na vijana walicheza mpira hapo kila Jumamosi. Siku moja nikitoka dukani niliwakuta watu watatu wakivuta kamba na kupigilia vigingi. Nikawauliza wanafanya nini. Mmoja akanijibu kwamba ni kazi ya serikali, niende zangu. Nikaenda zangu. Jioni nilimweleza mke wangu, naye akasema, "Bila shaka wazee wa mtaa wanajua." Baadaye nilikuja kusikia kwamba wazee wa mtaa nao walidhani sisi tulio jirani na uwanja ndio tunaojua. Leo pana jumba la ghorofa tano, na watoto wa mtaa ule wanacheza barabarani katikati ya matatu.

Basi tuangalie habari ya mtu aliyekataa kwenda zake.

Uhuru Park ya Nairobi ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969. Ina karibu hekta 13, nayo iko kando ya katikati ya mji, jirani kabisa na Kanisa Kuu letu la Watakatifu Wote. Mtu asiye na shilingi hata moja aliweza kujinyosha pale juu ya nyasi saa ya mchana, wala hakuna wa kumwuliza amenunua nini. Katika mji ambao kila kiti kina bei, hilo si jambo dogo.

Mwaka 1989 ulikuwapo mpango wa kujenga ndani ya bustani hiyo mnara wa ghorofa 60, mrefu kuliko majengo yote ya Afrika. Ndani yake zingekuwamo ofisi za KANU, chama kilichotawala wakati huo, na za gazeti lake la Kenya Times, pamoja na maduka, ukumbi na mahali pa kuegesha magari 2,000. Sanamu kubwa ya Rais ingesimama hapo pia. Gharama ilikisiwa kuwa dola milioni 200, na sehemu kubwa ilikuwa ya kukopwa. Mshirika kutoka ng'ambo alikuwa Robert Maxwell, tajiri wa magazeti huko Uingereza. (Maxwell alikufa baharini Novemba 1991, na baada ya kifo chake ikagunduliwa kwamba alikuwa amechukua mamilioni ya pauni kutoka akiba ya uzeeni ya wafanyakazi wake. Ndiye tuliyekuwa tukitaka kujenga naye.)

Profesa Wangari Maathai wa Green Belt Movement alipopata habari hizo hakuanza kwa maandamano. Alianza kwa kalamu. Aliiandikia Kenya Times, Ofisi ya Rais, Tume ya Jiji na UNESCO. Alimwandikia hata Balozi wa Uingereza, akimwuliza kama watu wa London wangekubali jengo la namna hiyo katika Hyde Park. Barua zake zikajulikana magazetini, na wananchi wengine nao wakaanza kuwaandikia wahariri.

Majibu yalikuwa makali. Bungeni, mwezi wa Novemba, wabunge walimkebehi na kuwaita wenzake kundi la wanawake walioachika. Rais mwenyewe alisema kwamba wanaopinga wana wadudu vichwani, na kwamba mwanamke anayefuata desturi za Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Green Belt Movement iliamriwa itoke katika ofisi yake iliyokuwa katika jengo la serikali, ikahamia nyumbani kwake Profesa huko South C.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Profesa alikwenda Mahakama Kuu kuomba ujenzi usimamishwe, na Desemba 1989 ombi lake likatupwa. Mahakama haikusema kwamba mnara ni mzuri. Ilisema kwamba yeye hana haki ya kushtaki, maana hakuonyesha hasara iliyompata yeye binafsi kuliko wananchi wengine. Mwenye kuutetea umma, kwa sheria ya wakati ule, alikuwa Mkuu wa Sheria. Naye Mkuu wa Sheria ndiye mshauri wa serikali ile ile iliyoutaka mnara! Ni kama kumwambia mama wa kijijini kwamba hawezi kulalamika kisima kikitiwa sumu, kwa sababu si yeye peke yake anayekunywa maji yake. Kitu kikiwa cha mmoja, mmoja alilindwa. Kikiwa cha wote, hakuna aliyelindwa. Wanyakuzi walilielewa jambo hili mapema kuliko sisi.

Hata hivyo mnara haukujengwa. Kelele zilifika kwa wenye fedha ng'ambo, nao wakasita. Mapema mwaka 1990 serikali ikasema jengo litapunguzwa, kisha habari zake zikafifia, na mwaka 1992 ua lililozungushwa pale likaondolewa. Mwaka huo huo akina mama waliodai kuachiliwa kwa wana wao, wafungwa wa kisiasa, walikaa kwenye pembe moja ya bustani hiyo bila kula. Polisi walipowapiga na kuwatawanya, walivuka na kuingia katika Kanisa Kuu, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Na tarehe 27 Agosti 2010, katika Uhuru Park hiyo hiyo, Katiba mpya ya Kenya ilitangazwa rasmi mbele ya umati mkubwa. Kifungu cha 70 cha Katiba hiyo kinasema kwamba mtu anayekwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi hahitaji kuonyesha kwamba amepata hasara au madhara. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 ilikuwa imekwisha kufungua mlango huo. Mlango aliofungiwa Profesa sasa u wazi kwa kila mmoja wetu. Tulipomuaga mwaka 2011, mazishi yake ya kitaifa yalifanyiwa pale pale Uhuru Park.

Msidhani kisa hiki kilikuwa cha peke yake. Bustani ya Jeevanjee, ambayo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa watu wa Nairobi mwaka 1906, nayo ilinyemelewa mwaka 1991 ili pajengwe maduka na mahali pa magari. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza upinzani na bustani ikapona. Msitu wa Karura uligawiwa watu kwa siri. Januari 1999 Profesa Wangari alipigwa hadi kuumia kichwani alipokwenda kupanda mche huko.

Lakini vipande vidogo vingi havikupata mtetezi. Tume ya Ndung'u, iliyotoa taarifa yake mwaka 2004, ilikisia kwamba hati 200,000 hivi zilitolewa kinyume cha sheria kati ya mwaka 1962 na 2002. Tume hiyo ilieleza pia jinsi mambo yanavyofanyika, na inafaa tujue. Kwanza mtu mwenye jamaa katika ofisi kubwa hupewa barua ya kugawiwa kiwanja. Yeye hana nia ya kujenga, na mara nyingi hata ada hajalipa. Huiuza barua ile haraka kwa mwingine, naye mwingine huuza tena. Mara kadhaa mashirika ya umma yalisukumwa kununua, hata akiba ya wafanyakazi ikatumika kununua ardhi iliyokuwa ya umma tangu mwanzo. Mwisho wa mlolongo anatokea mtu mwenye hati nzuri mkononi, anayesema kwa uso mkavu kwamba yeye alinunua kwa fedha zake na hajui lolote.

Zamani maneno hayo yalitosha. Siku hizi hayatoshi. Huko Mombasa palikuwa na kipande kando ya bahari kilichotengwa kuwa mahali pa wazi. Mwaka 1989 kiligawiwa Rais wa wakati huo, kikauzwa, kikauzwa tena mpaka kikafika kwa kampuni moja. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ilibomoa ukuta ili kufungua njia ya kwenda ufuoni, na kampuni ikashtaki. Mwezi wa Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba, kwa kuwa ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, hati zilizofuata hazingeweza kumlinda mnunuzi.

Wako watakaouliza: je, mji usijengwe? Vijana wetu hawahitaji kazi na nyumba? Wanahitaji, na swali ni la haki. Lakini mnara wa Kenya Times ungeweza kujengwa mahali pengi, na bustani haingeweza kuhamishwa. Tena, kiwanja cha wazi kikijengwa leo, sijaona mji uliobomoa ghorofa ili urudishe nyasi. Kukosea kwa kuacha wazi kunaweza kurekebishwa. Kukosea kwa kujenga ni vigumu sana.

Sasa tufanye nini? Tusingoje mabati. Wakati wa kuuliza ni siku ya vigingi, na afadhali kabla yake. Mwulize anayepima ametumwa na nani na ana barua gani. Andika tarehe, piga picha. Nenda ofisi ya ardhi uangalie kiwanja kimeandikwa kwa jina gani, kisha peleka barua kwa kaunti na kwa Tume ya Taifa ya Ardhi, na uhifadhi nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Barua ya mtu mmoja hupotea faili, lakini zikipelekwa 30 zenye majina na sahihi si rahisi zote kupotea.

Katika mikutano yenu ya mwezi huu, akina mama, akina baba na vijana, tunaomba mtembee pamoja katika mtaa wenu na mwandike kila kipande cha wazi kilichobaki, na kila mnachokumbuka kilikuwapo. Mwenye nakala ya zamani ya ramani ya mtaa, hata iliyochanika, ailete ofisini kwa katibu wa parishi. Vijana wawaulize wazee mahali mawe ya mpaka yalipokuwa.

Tena tusilisahau eneo letu wenyewe. Makanisa nayo yamejenga juu ya vipande vilivyotengwa kwa ajili ya shule na viwanja vya michezo, na waumini wakaimba siku ya kufungua. Ua letu la upande wa nyuma, pale tunapoegesha magari Jumapili, linafuata mpaka ulio katika hati, au lilisogea kidogo lilipojengwa upya? Baraza la parishi lilete hati kwenye mkutano ujao, tukaipime kwa kamba mbele ya watu.