Toa Pedeli Kwanza: Kumfunza Mtoto Baiskeli Bila Vigurudumu vya Pembeni

Kabla baiskeli ndogo za mitumba hazijajaa madukani, mtoto wa Malindi au Kilifi alijifunzia baiskeli ya mtu mzima. Ni ile Black Mamba ya taya namba 28, yenye breki za vyuma na keria ya kubebea mitungi ya maji, ambayo kiti chake kilikuwa kikimfika mtoto kidevuni. Kukaa hakuwezi, lakini kuendesha ataendesha. Hushika usukani, mguu wa kushoto akauweka juu ya pedeli, wa kulia akasukumia chini mpaka baiskeli ikashika mwendo, kisha akauinua na kuiacha iteleze. Akishazoea, hupitisha mguu wa kulia ndani ya fremu, chini ya ile paipu ya juu, akakanyaga nusu mzunguko kwenda na kurudi huku mwili umepinda upande. Baadaye hupanda juu ya paipu. Kitini alifika mwisho kabisa.

Mpangilio huo haukuandikwa na mwalimu yeyote, lakini ndio sahihi: mizani hutangulia, kukanyaga hufuata. Hata baiskeli yenyewe ilizaliwa hivyo. Chombo ambacho Karl Drais alikiendesha Mannheim, Ujerumani, mwaka 1817 kilikuwa na magurudumu mawili na usukani, bila pedeli. Alikisukuma kwa miguu. Pedeli zilifungwa miaka ya 1860 huko Paris.

Vigurudumu vya pembeni huupindua mpangilio huo. Mtoto anajua kukanyaga, lakini mizani hajaigusa. Tena vinamfunza kinyume, kwa sababu baiskeli hukata kona kwa kulala kidogo upande inakoelekea, na vigurudumu vile haviiruhusu kulala. Siku vikiondolewa, huanza upya, na safari hii ana woga. Basi mzazi, vifungue leo, na pedeli uzifungue pamoja navyo. Maelezo haya yanamfaa mtoto wa miaka 4 kwenda juu ambaye mwenyewe anaitaka baiskeli. Asiyeitaka, mwache, hamu itamjia akiwaona wenzake.

Tayarisha baiskeli

Usimnunulie mtoto baiskeli ya kukulia. Nguo ikimpwaya haimwangushi, lakini baiskeli kubwa humwangusha. Mkalishe kitini, kisha tazama miguu: nyayo zote mbili zilale bapa chini, magoti yakiwa yamepinda kidogo. Baiskeli ya inchi 14 au 16 huwatosha wengi wa miaka 4 hadi 6, na ya inchi 20 wale wa miaka 7 au 8, lakini kipimo cha kweli ni mguu wala si umri. Shusha kiti mpaka chini kabisa kama hapana budi.

Sasa pedeli. Fundi wa mtaani atakutolea kwa dakika chache, na wewe pia unaweza ukiwa na spana namba 15. Wengi huharibu upande wa kushoto, kwa kuwa nyuzi za pedeli ya kushoto zimekatwa kinyume na za kulia. Ukiizungusha kama skrubu ya kawaida unazidi kuikaza. Kanuni isiyokosea ni hii: spana ikiwa imesimama wima juu ya pedeli, izungushe kuelekea nyuma ya baiskeli. Pande zote mbili hufunguka hivyo, na hukazwa kwa kuzungusha kuelekea mbele. Chumvi ya pwani ikiwa imeshaganda kutu kwenye nyuzi, tia mafuta jioni, ujaribu asubuhi. Pedeli zihifadhi pamoja, kisha angalia herufi zilizogongwa mwishoni mwa vyuma vyake: L ni ya kushoto, R ni ya kulia.

Breki zinahitaji jicho zaidi. Baiskeli nyingi za watoto kutoka Uholanzi na Ujerumani husimama kwa kurudisha pedeli nyuma, na pedeli zikiondolewa breki hiyo haipo tena. Hakikisha basi kuna breki ya mkono inayofanya kazi, na kwamba vidole vya mtoto vinaufikia mkono wa breki bila kujinyoosha. Jua pia upi ni upi. Katika baiskeli zilizofungwa kwa desturi ya Uingereza, mkono wa kulia hushika gurudumu la mbele. Zilizotoka Ulaya bara mara nyingi ni kinyume. Inua gurudumu moja moja, lizungushe, bana breki, uone. Mtoto ajue kutanguliza breki ya nyuma, kwa kuwa ya mbele ikibanwa ghafla humrusha juu ya usukani.

Mahali na saa

Nyasi ni laini kuangukia, lakini nzito kusukuma, na mchanga mkavu ni mzito zaidi. Anayeanza anahitaji ardhi ngumu, bapa na pana: ua wa kabro usio na magari, uwanja wa shule wenye udongo ulioshindiliwa, au kipande cha lami kisichopitiwa na bodaboda wala tuktuk. Mteremko mdogo sana, ule usiouona mpaka umwage maji, husaidia. Kagua mbigili kabla ya kuanza, maana mwiba mmoja unatosha kuwarudisha nyumbani kwa miguu.

Pwani ina uwanja mwingine ambao bara hawana. Maji yakipwa, ule ukanda wa mchanga uliolowa huwa mgumu kiasi cha kubeba baiskeli, na ukianguka haukuchubui kama lami. Bofa huko Kilifi ni pazuri, na Ghuba ya Malindi ni pana kwa sababu Mto Sabaki haujaacha kumwaga mchanga na udongo wake hapo. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hapa kwetu hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Jumamosi inayoangukia karibu na siku hizo ndiyo ya kuipanga, na mtoto avae fulana ya mikono mirefu kwa sababu ya jua. Kila siku ipitayo, maji huchelewa kwa kama dakika 50. Ukiwa na shaka, muulize mvuvi yeyote.

Msimu wa kusi, anzisheni safari upepo ukiwa mgongoni, mwende kaskazini, kisha mrudi mtoto akiikokota baiskeli. Mkifika nyumbani ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ifute, na utie cheni mafuta mepesi kama yale ya cherehani. Ukiiacha na chumvi yake, kutu haitachelewa.

Kusukuma na kuteleza

Mwache akae kitini atembee nayo. Ndiyo, atembee tu, hatua fupi fupi, mpaka usukani umzoee. Kisha hatua zirefuke, awe kama anayekimbia akiwa amekaa. Punde utaona miguu inaanza kukaa hewani yenyewe kati ya msukumo mmoja na mwingine. Hapo ndipo mchezo uingie: hesabuni kwa sauti muda ambao miguu haijagusa chini, mpaka tatu, mpaka tano, mpaka kumi.

Akiweza kuteleza moja kwa moja, panga vifuu vya nazi chini, kila kimoja mbali na kingine kwa hatua kubwa mbili au tatu za mtu mzima, azunguke kimoja kwa kulia na kingine kwa kushoto. Mazoezi haya yana siri ya baiskeli yote: ikianza kuangukia kulia, usukani nao huelekezwa kulia kidogo, ikasimama. Usimweleze hayo kwa maneno, vifuu vitamweleza.

Macho ni nusu ya kazi. Mtoto akitazama gurudumu la mbele hupepesuka, na akikitazama kifuu atakigonga. Simama mbele yake kwa mbali, umwambie akutazame uso.

Na mikono yako? Usishike usukani, wala usimbane kwenye kiti. Ukishika usukani, wewe ndiye unayeendesha. Mwenye woga mwingi mfunge leso: ipitishe kifuani chini ya makwapa, ncha zote mbili uzishike nyuma yake, zilegee. Leso humdaka anapoanguka, na wakati mwingine wote haimwambii lolote. Atapiga kelele, "Baba, usiniwache!" Mjibu kuwa upo, na uwepo kweli. Ahadi ya kushika ikivunjwa kwa hila, kesho haitaaminika.

Kabla ya kwenda mbele, afunzwe kusimama. Chora mstari mchangani, aje kwa mwendo, abane breki, ateremshe miguu, asimame kabla ya mstari. Rudieni mpaka iwe kama kupumua. Vipindi viwe vifupi, nusu saa hivi, na viishe mtoto akiwa bado anataka.

Pedeli zirudi

Anapoteleza umbali mrefu, anazunguka vifuu na kusimama anapotaka, kazi kubwa imekwisha. Funga pedeli, kaza vizuri. Kiti kibaki chini kwa sasa.

Linalobaki gumu ni kuanza mwendo. Mguu mmoja ubaki chini. Pedeli ya mguu anaoupenda iwe juu, mbele kidogo, ili akikanyaga mara moja baiskeli iruke mbele. Kwenye baiskeli ya breki ya kurudisha nyuma, pedeli hairudi ukiisukuma kwa nyuma. Inua gurudumu la nyuma, uizungushe kwenda mbele mpaka ifike mahali pake. Mkanyago wa kwanza uwe wa nguvu. Watoto wengi huanguka kwa sababu wamekanyaga kwa woga, na baiskeli isiyo na mwendo haina mizani. Unachotakiwa kusema hapo ni neno moja tu: kanyaga. Akishika mwendo nyamaza, umwache asikilize baiskeli.

Mavazi na kuanguka

Avae raba au viatu vilivyofungwa. Champali hutoka, kidole kikaingia kwenye spoku. Kanzu ya madrasa, dera na buibui vipandishwe na kufungwa kiunoni, suruali ikiwa ndani, maana cheni haichagui nguo. Wasichana wafunzwe sawa na ndugu zao. Helmeti ikae bapa, vidole viwili juu ya nyusi, ukanda ukiwa umebana.

Ataanguka. Mfunze kuachilia usukani ukishamshinda na kuruka pembeni kwa miguu, jambo ambalo kiti kilichoshushwa humrahisishia. Goti likichubuka, osha kwa maji safi na sabuni mpaka mchanga wote utoke, kisha funika. Akigonga kichwa, akatapika, akasinzia ovyo au akaongea asivyoeleweka, mpeleke hospitali bila kungoja.

Kabla ya kutoka langoni

Kujua kuendesha uwanjani si ruhusa ya barabara. Barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi si ya mtoto hata kidogo. Matatu na malori huko hayamwoni. Vichochoro vya Shela au vijia vya Mnarani vina bodaboda, mbuzi, na mlango unaofunguka ghafla. Kwa muda mrefu atoke na mtu mzima, upande wa kushoto, mtoto mbele na mkubwa nyuma yake ambapo anaweza kumwona na kumwita.

Kiti kipandishwe kidogo kidogo kadiri anavyojiamini, mpaka vidole vya miguu tu ndivyo vinavyogusa chini. Kisha mpime kwa mambo matatu: asimame papo hapo unapomwambia simama, atazame nyuma juu ya bega bila baiskeli kuyumba, aendeshe kwa mkono mmoja akinyoosha mwingine kuonyesha anakokwenda. Akishindwa na moja kati ya hayo, aendelee na uwanja wiki nyingine, hata kama mtoto wa jirani ameshaanza kutumwa dukani kwa baiskeli.