Kosa Linapogeuka Kaida: Tahajia katika Itifaki ya HTTP

Makala haya yanachunguza swali linalofahamika vyema kwa wanaisimu: kosa la tahajia hukoma lini kuwa kosa? Mfano unatoka katika HTTP, itifaki inayoongoza mawasiliano ya kompyuta zinazotuma na kupokea kurasa za intaneti. Kila ujumbe wake hutanguliwa na vichwa, yaani majina mafupi yanayoambatana na maelezo kuuhusu.

Kimojawapo ni Referer, kinachotaja ukurasa ambako msomaji ametoka. Kiingereza sanifu hudai r mbili katikati: referrer. Kosa hilo lilipoingia katika waraka RFC 1945 mwaka 1996, tayari programu zilikuwa zimelizoea. Waraka RFC 9110 wa mwaka 2022 unalikiri na bado unalihifadhi. Hivyo basi, programu inayozunguka mtandaoni ikikusanya kurasa, ikisahihisha tahajia hiyo, haitaeleweka na seva. Jamii imekwisha kuamua.

Hata hivyo, si kila kosa lina hadhi hiyo. Mathalan, kichwa X-Robots-Tag hakimo katika viwango rasmi, ila injini kuu za utafutaji hukitii. Mwenye tovuti hukitumia kuomba ukurasa wake usiorodheshwe. Akidondosha s, akaandika X-Robot-Tag, ombi lake hupotea, kwa kuwa kanuni huelekeza kichwa kisichojulikana kipuuzwe. Ukurasa aliotaka usitafutwe huanikwa hadharani.

Je, programu ikisie alichokusudia? Mwaka 1980 Jon Postel alishauri kwamba atumaye awe makini, naye apokeaye awe mvumilivu. Mwaka 2023, katika RFC 9413, Martin Thomson na David Schinazi walionya kuwa uvumilivu huo huotesha makosa mizizi, hata wengine wakalazimika kuyaiga.

Kipimo kinachofaa ni madhara. Ukisiaji unaoifanya programu ijizuie hauna hasara kubwa. Ukisiaji unaoipa ruhusa ambayo haikutolewa ni uvamizi. Kwa hivyo, katazo lenye tahajia mbovu litiiwe, ilhali ruhusa yenye tahajia mbovu ipuuzwe.

Mhariri wa Kiswahili hukabiliwa na uamuzi uo huo kila siku. Kosa la jamii hupokelewa kama kaida. Kosa la mtu mmoja hushughulikiwa kwa kuichunga maana aliyoikusudia. Asiyeweza kuyatofautisha haya mawili huharibu lugha akidhani anaisanifisha.