Somo: Mama Aweza Kumpa Mtoto Uboho

Ndani ya mifupa yetu mna uboho. Uboho ni shamba la damu. Humo huzaliwa chembe za damu. Mtu akishikwa na kansa ya damu, shamba hilo hujaa magugu: chembe mbaya huongezeka, na chembe njema hukosa nafasi. Ndipo mgonjwa huishiwa damu, hupata homa mara kwa mara, na hutokwa na damu puani au katika ufizi. Usitafute nani amemloga. Umpeleke hospitali upesi.

Waganga huua chembe mbaya kwa dawa kali. Zisipotosha, wagonjwa wengine huhitaji mbegu mpya za damu, zitokazo kwa mtu mwingine. Lakini si kwa kila mtu. Chembe zetu zina alama. Mtoto hupata nusu kwa baba na nusu kwa mama. Ndugu wa baba na mama mmoja ana bahati 1 katika 4 ya kulingana naye kabisa. Mama hulingana naye nusu, sikuzote.

Zamani nusu haikutosha. Askari waliomo katika uboho wa mama waliuona mwili wa mtoto kuwa mgeni, wakashambulia ngozi, ini na matumbo. Lakini mwaka 2008 waganga wa Baltimore na Seattle, Marekani, walitangaza njia hii: siku ya 3 na ya 4 baada ya kupokea uboho, mgonjwa hupewa dawa ya siklofosfamidi. Dawa hiyo huwapiga hasa askari waliokwisha kuamka kwa vita, lakini huziacha mbegu za damu.

Mama, je, unaogopa? Utalazwa usingizi, na uboho utatolewa kwa sindano katika mfupa wa nyonga, kwa nyuma. Utaumwa siku chache. Kisha uboho hukua tena, kama sombe ichipukavyo baada ya kuchumwa.

Si wote wanaopona; kansa yaweza kurudi. Tena kazi hii hufanywa katika hospitali kubwa zenye vyombo vyake tu. Na waganga wakimchagua baba, au ndugu kijana, usihuzunike. Wao hupima alama, umri na afya. Hawapimi upendo.

Maswali
1. Damu huzaliwa wapi?
2. Kwa nini mama hulingana na mtoto nusu?
3. Dawa ya siku ya 3 na ya 4 ina kazi gani?