Kuchaji Betri ya Gari la Chama kwa Paneli Ndogo ya Jua

Somo kwa Wajumbe wa Kamati, Makatibu, Watunza Ghala na Madereva wa Vyama vya Msingi



Katika kukagua vitabu vya vyama vyetu, liko fungu moja la matumizi ambalo hunisimamisha kila mara, nalo ni ununuzi wa betri. Chama chenye trekta moja au gari moja dogo huonyesha betri mpya mwaka huu, na betri mpya tena mwaka unaofuata. Katibu akiulizwa hujibu kwamba betri za siku hizi hazidumu. Mara chache jibu hilo huwa kweli. Aghalabu betri imefia ghalani. Masoko ya tumbaku yakifungwa gari husimama wiki nyingi, na betri hupungua chaji yenyewe kwa kadiri ya sehemu 5 katika 100 kila mwezi; joto huongeza kasi hiyo. Betri ikiachwa tupu, bamba zake za risasi hufanya utando mweupe, na utando huo ukikomaa hakuna chaji itakayouondoa.

Zamani dawa ilikuwa kufunga betri nyuma ya baiskeli na kuipeleka mjini kwa mwenye jenereta. Leo paneli za sola zimefika vijijini, na vyama vinazitumia. Ni jambo jema, ila lina masharti yake.

Mwaka mmoja nilifika katika chama ambacho sitakitaja. Mlinzi wa ghala, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameleta paneli ya wati 100 kutoka nyumbani kwake akaiunga moja kwa moja kwenye betri ya trekta, ndani ya ghala lililofungwa, karibu na magunia. Iliungwa hivyo kwa siku nyingi. Kisha mchana mmoja, jua likiwa kali, akaingia kuchomoa nyaya. Cheche ikaruka, betri ikapasuka, na tindikali ikamwingia machoni. Jicho moja halikupona. Nilipowasili, hoja iliyokuwa mbele ya Kamati ni kama akatwe mshahara kulipia betri. Nilipinga, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemfundisha lolote.

Na tueleze basi kilichotokea. Paneli iitwayo ya volti 12 haitoi volti 12. Juani, ikiwa haijaungwa na kitu, hutoa volti 21 hivi. Betri ya tindikali yahitaji volti 14.4 tu ili ijae. Ikishajaa na umeme ukaendelea kuingia, maji yaliyomo huvunjika yakawa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni haina rangi wala harufu, nayo ikifikia sehemu 4 katika 100 za hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Maji nayo hupungua hadi bamba zikabaki wazi. Kwa hiyo betri ya trekta ile ilikuwa inaharibika na kujaza ghala gesi kwa wakati mmoja.

Kinachozuia hayo ni kidhibiti cha chaji, ambacho mafundi wetu hukiita kontrola. Hupunguza umeme betri inapofika kama volti 14.4, kisha huishikilia karibu na volti 13.6. Usiku huzuia umeme wa betri usirudi kwenye paneli. Wako watakaowaambia kwamba paneli ya wati 5 haihitaji kontrola kwa betri kubwa. Hawakukosea sana, lakini paneli ya wati 5 ya leo kesho hubadilishwa na ya wati 50, na anayebadilisha si yule aliyesikia maelezo. Kontrola ndogo ni rahisi kuliko betri. Inunuliwe.

Sasa utaratibu. Kontrola huungwa na betri kwanza, paneli baadaye; wakati wa kufungua, paneli hutangulia kutoka. Kabla ya kugusa waya wowote funika paneli kwa gunia zito, nayo itaacha kutoa umeme. Kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, tia fyuzi. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Rangi za waya zisiaminiwe bila kupimwa kwa mita. Betri ikitolewa garini, hasi ifunguliwe kwanza na irudishwe mwisho, maana spana inayofungua chanya ikigusa bodi wakati hasi bado imefungwa huwaka papo hapo. Kabla ya kuwasha injini, ondoeni sola.

Betri ikae penye hewa, chini ya paa, mbali na sigara, kibatari na magunia. Paneli iwe juani, imeelekea kaskazini na kuinama kidogo, ili mvua ya Novemba hadi Aprili iioshe vumbi. Maji yakipungua, ongezeni maji safi ya betri, kamwe si ya kisima wala tindikali. Tindikali ikimwagika sakafuni hufishwa kwa maji ya magadi. Ikiingia machoni ni maji safi peke yake, kwa dakika 20 bila kukoma, kisha hospitali. Wenye malori wakumbuke kwamba mengi yana betri mbili na umeme wa volti 24, na paneli ya volti 12 haiwezi kuyachaji yakiwa yameungwa hivyo.

Betri ikifa kabisa, isivunjwe. Reli ya Kaliua hadi Mpanda, iliyokamilika mwaka 1950, ilijengwa kwa ajili ya machimbo ya risasi ya huku kwetu, kwa hiyo madini hayo si mageni. Lakini risasi ni sumu, hasa kwa watoto, na anayeiyeyusha nyuma ya nyumba ili apate vizito vya nyavu huwavutisha moshi wake jamaa zake mwenyewe. Irudishwe kwa muuzaji.

Hesabu ya kufanywa na Kamati: paneli ya wati 20 hutoa ampea 1.1 hivi kwenye jua zuri. Tukihesabu saa 5 za jua hilo, ni ampea-saa 5 na nusu kwa siku. Betri ya ampea-saa 70 iliyobaki nusu itahitaji 35, pamoja na nyongeza ya 7 zinazopotea njiani. Itajaa baada ya siku ngapi? Kisha mtunza ghala apime betri ya chama ikiwa imepumzika saa kadhaa bila chaji wala kazi. Volti 12.6 imejaa, 12.2 ni nusu, chini ya 11.9 ni tupu. Tarehe na kipimo viandikwe katika daftari la ghala kila mwisho wa mwezi, na daftari hilo nitaliomba nitakapofika.